Mahindi yanaisha ghalani: ni panya au ni fukuzi?

Malalamiko huanza miezi miwili mitatu baada ya mavuno, na kila mwaka ni yale yale: gunia limelegea, punje zina matundu, dawa iliwekwa na wadudu wamerudi, chambo kinaliwa na panya hawafi. Wengi hukimbilia duka la pembejeo kabla ya kujua wanapambana na nani. Dawa ya fukuzi haimfanyi panya lolote, na sumu ya panya haimgusi fukuzi, kwa hiyo ukikosea mshitakiwa umelipa bure na hasara inaendelea.

Washitakiwa wakuu ni wawili. Wa kwanza ni panya paa (Rattus rattus), mwenye mkia mrefu kuliko mwili, anayesikika juu ya kenchi usiku. Wa pili ni fukuzi wa mahindi (Sitophilus zeamais), ambaye wengine humwita kidungadunga: mdudu wa milimita 3 hadi 4, rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye mkonga mbele na madoa manne mekundumekundu mgongoni. Wapo na wengine wanaosingiziwa au kusahaulika, tutakutana nao njiani.

Anza na kipimo cha debe

Jaza debe hadi ukingoni, sawazisha kwa ubao, pima. Linganisha na uzito ulioandika siku ya kuhifadhi. Kama hukuandika, azima debe la mahindi mazima na makavu ya msimu huo huo kwa jirani, ulinganishe nalo.

Fukuzi hula ndani ya punje na kuacha ganda. Idadi ya madebe hubaki karibu ile ile, lakini kila debe ni jepesi. Panya huondoa punje nzima au hubomoa sehemu yake, kwa hiyo debe lina uzito wake ila madebe yenyewe yamepungua. Kipimo hiki kinapambanua kesi nyingi kuliko kukodolea macho gunia. Tahadhari moja tu: kama ulihifadhi mahindi mabichi kidogo, sehemu ya uzito uliopotea ni maji.

Na ukikuta madebe yamepungua, hakuna kinyesi, hakuna tobo, na mshono wa gunia umefungwa vizuri kuliko ulivyoufunga wewe, huyo ni panya wa miguu miwili. Badilisha kufuli.

Dalili: gunia limetobolewa na mahindi yamemwagika

Sababu inayoongoza ni panya paa. Tazama tobo: kingo zimechanikachanika, nyuzi za sandarusi zimekatwa vipande vifupi, na mara nyingi liko upande unaogusa ukuta au gunia jingine, mahali ambapo panya anajificha anapotafuna. Tafuta kinyesi. Cha panya paa hufika kama milimita 12, kimechongoka ncha zote mbili. Kikiwa cha milimita 3 hadi 6, una panya mdogo wa nyumbani, na huyo hupita kwenye upenyo ambao panya paa hawezi.

Sababu ya pili ni gunia kuoza chini kwa kukaa kwenye sakafu yenye unyevu. Hapo nyuzi zinakatika zenyewe ukizivuta. Sababu ya tatu, ambayo ni nadra lakini ipo, ni kuku.

Kama huna hakika, nyunyiza majivu yaliyochekechwa au unga laini mlangoni na kando ya kuta jioni. Asubuhi utaona nyayo, na katikati yake mstari wa mkia. Angalia pia juu ya ukuta chini ya paa: panya hupita njia ile ile kila siku, na mafuta ya manyoya yake huacha michirizi myeusi. Hiyo michirizi ndiyo itakayokuonyesha pa kuweka mtego.

Usidharau hesabu yake. Panya mmoja mkubwa hula gramu 15 hivi kwa siku. Panya 10 kwa miezi sita ni kilo 27, bila kuhesabu wanachomwaga na kukikojolea, ambacho kwa kawaida ni kingi kuliko wanachokula.

Hatua, kuanzia nyepesi:

1. Sogeza magunia mbali na ukuta angalau nusu mita, yapange juu ya chaga. Panya hapendi kupita mahali pa wazi.
2. Ondoa chakula kingine: pumba, mabaki ya jikoni, chakula cha kuku kinachobaki usiku.
3. Tega mitego ya chuma ubavuni mwa ukuta, sehemu ya chambo ikielekea ukutani. Dagaa, nazi ya kuchoma au siagi ya karanga hufanya kazi. Weka mitego mingi kwa usiku mmoja badala ya mmoja kwa siku nyingi.
4. Ziba matundu kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa au wavu wa chuma. Matambara na mbao ni kumchelewesha tu.
5. Kama una kihenge chenye miguu, iwe na urefu wa kama mita 1, na kila mguu uvae koni ya bati iliyofungwa juu, mdomo ukitazama chini. Kisha kata matawi yanayogusa paa. Koni nne na tawi moja la mwembe ni kazi bure.

Paka anasaidia, hasa kuzuia wapya wasihamie, lakini hamalizi panya walioshakaa darini. Bundi anakula panya kuliko paka wengi, na bado watu wanampiga mawe kwa imani za uchawi.

Dalili: mtego haukamati, chambo kinaliwa na panya hawafi

Kwanza kagua mtego wenyewe, kwa kuwa huenda kitufe kimekaza au chambo kimewekwa pembeni kiasi cha kulambwa bila kuufyatua. Funga dagaa kwa uzi. Pili, panya paa ni mwoga wa kitu kipya. Acha mtego una chambo lakini haujategwa kwa siku tatu nne, azoee, kisha utege.

Kwa sumu, tatizo kubwa ni haraka ya mwenye nyumba. Sumu za kuzuia damu kuganda, kama bromadioloni, huua baada ya siku kadhaa, si usiku huo huo. Watu wakiona siku ya pili panya bado anakimbia, wanabadilisha sumu. Kwa upande mwingine, sumu kali ya haraka kama fosfidi ya zinki ina kasoro yake: panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa haigusi tena, na hutaweza kumlaghai kwa chambo kile.

Sumu zinazouzwa mtaani na wachuuzi wanaopita na spika, za panya, mende, kunguni na viroboto katika pakiti moja isiyo na jina la kiambata (kemikali yenyewe inayoua) wala maelezo, ziache. Si suala la ufanisi tu. Mtoto akila, daktari hatajua anatibu nini.

SIMAMA: mtoto au mtu mzima akimeza sumu ya panya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo pamoja na pakiti, hata kama anacheza na hana dalili. Sumu za kuzuia damu kuganda huonyesha madhara siku kadhaa baadaye, na zina tiba ikiwahi. Na sumu yoyote ya panya isiwekwe juu ya gunia la chakula wala ndani yake.

Dalili: punje zina matundu ya duara

Hapa panya ameshaondoka kwenye orodha, kwani meno yake hayatoboi tundu la milimita moja na nusu. Wanaobaki ni watatu.

Fukuzi ndiye wa kawaida zaidi. Tundu lake lina kingo zisizo laini, na vumbi ni kidogo. Mama hutafuna kijishimo kwenye punje, hutaga yai moja ndani, kisha huliziba kwa ute unaokauka. Ukiitazama punje hiyo kwa jicho la kawaida utaapa ni nzima. Funza hukulia humo humo, hugeuka pupa (hatua ya kabla ya mdudu kamili), kisha fukuzi kamili hutoboa na kutoka. Katika joto la nchi yetu safari hiyo huchukua kama wiki tano. Tundu unaloliona ni la kutokea, si la kuingilia. Kwa maana nyingine, unapoliona, mlaji ameshamaliza.

Wa pili ni dumuzi, na sehemu nyingi yeye ndiye mharibifu mkubwa kuliko fukuzi. Ana dalili yake hapa chini.

Wa tatu ni nondo wa nafaka. Tundu lake ni safi, la duara, na mara nyingine limebaki na kifuniko chembamba cha ngozi ya punje. Utaona vipepeo vidogo vya rangi ya majani makavu vikiruka ukitikisa gunia. Hupenda tabaka la juu na mahindi yaliyobaki kwenye magunzi.

Kipimo cha haraka ni maji. Tumbukiza konzi ya mahindi kwenye bakuli la maji, koroga. Punje zilizoliwa ndani huelea, pamoja na zile ambazo hazijatobolewa bado lakini zimebeba funza. Zikiwa mbili tatu katika konzi, una muda. Zikiwa robo ya konzi, amua leo: kula, uza kwa lishe ya mifugo, au tibu.

Watu wengi hukimbilia kuanika na kuchekecha. Vyote ni vizuri, ila fahamu vinachofanya. Ukianika kwenye turubai juani, fukuzi wakubwa hutembea kutafuta kivuli, na kama turubai liko hatua mbili kutoka ghalani, watarudi ghalani kabla yako. Anika mbali. Chekeche linaondoa wakubwa tu; mayai na funza wako ndani ya punje, na wiki chache baadaye gunia limejaa tena. Ndiyo maana mtu anasema "nilisafisha kabisa, sijui wametoka wapi". Walikuwa mle mle. Wengine waliingia tangu shambani, maana fukuzi wa mahindi huruka na huanza kutaga kwenye mahindi yakiwa bado yamesimama, hasa suke ambalo maganda yake hayakufunika ncha.

Tiba inayowafikia walio ndani bila sumu ni kuwanyima hewa: mfuko wa tabaka tatu (PICS na aina nyingine za namna hiyo) au kihenge cha chuma kilichofungwa vizuri. Wadudu wenyewe huimaliza oksijeni, huacha kula, kisha hufa. Masharti ni ukavu, kutoa hewa kabla ya kufunga, na kufunga kila tabaka peke yake kwa kusokota, kukunja na kukaza kamba. Usifungue kila wiki kuchungulia. Kila ukifungua unawapa pumzi.

Dalili: unga mwingi chini ya gunia

Unga wa kujaa kiganja si kazi ya fukuzi. Huyo ni dumuzi (Prostephanus truncatus), ambaye Tanzania amepewa jina la Scania na Kenya Osama, na aliyewahi kumuona akifanya kazi hashangai. Si mwenyeji. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa aligunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwili wake ni kipipa kidogo cheusi au kahawia, hana mkonga, na ukimtazama kutoka juu huoni kichwa kwa sababu kimeinama chini ya kifua. Hula pia makopa ya muhogo na hutoboa mbao za ghala lenyewe.

Kumtofautisha na fukuzi ni muhimu kwa sababu ya dawa. Pirimifosi-methili inamuua fukuzi vizuri lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Permethrini inamuua dumuzi. Ndiyo maana dawa za unga za kuhifadhia mahindi huwa na viambata viwili. Ukinunua yenye kimoja kwa sababu ni rahisi, soma kwanza ni kipi.

Dumuzi hustawi zaidi kwenye mahindi ya magunzi. Pukuchua mapema.

Dalili: dawa niliweka, wadudu wamerudi

Kwa mpangilio wa sababu zinazokutwa zaidi:

Dawa haikuchanganywa. Imenyunyizwa juu ya gunia na katikati ni mahindi matupu. Mwaga yote kwenye turubai, nyunyiza kipimo cha kwenye lebo, geuza kwa koleo mpaka kila punje ipate vumbi.

Mahindi yalikuwa na funza tayari. Dawa ya vumbi humgusa mdudu anapotoka, haimfuati ndani. Ukichelewa mwezi mzima baada ya kuvuna, utaona wafu wengi na walio hai kiasi kwa wiki kadhaa. Hiyo si lazima iwe dawa mbovu.

Magunia ya zamani. Mshono wa gunia la mwaka jana ni hosteli ya fukuzi. Yachemshe au nunua mapya, na fagia nyufa za ghala kabla ya mavuno mapya kuingia.

Mahindi hayakukauka, na unyevu umeidhoofisha dawa.

Dawa imepitwa na wakati au ni bandia. Hii ndiyo inayotajwa ya kwanza na kila mtu, lakini chunguza zile nne kabla ya kumlaumu mwenye duka. Angalia tarehe, lakiri na namba ya usajili.

Usiongeze dozi mara mbili kwa hasira. Na usile mahindi hayo kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kupita.

SIMAMA: vidonge vya fosfidi ya alumini, vile vinavyotoa gesi ya fosfini, si vya kutumia nyumbani, hata kama jirani anakuuzia kimoja kimoja kwenye karatasi. Gesi hiyo hupita kwenye nyufa za dari na milango, haina dawa ya kuiondoa mwilini, na familia zimekufa zikiwa zimelala chumba cha pili. Kukosa harufu si usalama. Kwa ghala linalohitaji gesi, ita mfukizaji aliyesajiliwa: Tanzania chini ya TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), Kenya chini ya PCPB (bodi ya kusimamia viuatilifu). Mtu akiumwa kichwa, akitapika na kubanwa kifua karibu na mahindi yaliyowekwa vidonge, toka nje wote, kisha hospitali.

Dalili: punje zimeng'olewa kiini

Punje imebaki na sehemu nyeupe, lakini ile ncha laini yenye mafuta haipo. Huyo ni panya, huanzia kwenye kiini kwa sababu ndipo penye utamu. Kwa mahindi ya kula ni hasara ya kawaida. Kwa mahindi ya mbegu ni mwisho wake, haitaota.

Dalili: nimepanda, mashimo mengine hayajaota

Fukua. Ukikuta kishimo kidogo kilichochimbwa juu ya mstari na ganda la mbegu pembeni, ni panya shamba (Mastomys natalensis), ambaye jike lake linaweza kuwa na chuchu hadi 24 na huzaana kwa kasi mvua zikikubali. Hufuata mbegu tangu siku ya kupandwa hadi wiki mbili hivi. Ukikuta mbegu ipo, imeoza, na ina tundu, ulipanda mbegu iliyoliwa na fukuzi. Mbegu ikiwa haipo na udongo umeparuliwa mchana, tafuta ndege, kanga na kwale wakiwemo.

Panya shamba hafukuzwi na mkulima mmoja. Ukisafisha eka yako na jirani ameacha pori, wanahamia. Fyekeni mipaka kwa pamoja kabla ya kupanda, na wakizidi mpeni taarifa afisa ugani wa kata mapema, kabla ya wiki ya kupanda.

Dalili: gunia lina joto au linanuka uvundo

Ingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Joto linatokana na unyevu, au na fukuzi wengi wanaopumua na kutoa maji, na mara nyingi ni vyote. Pima ukavu kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipogandia, bado anika siku moja zaidi ya jua, kwa sababu kiwango cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 na chumvi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

SIMAMA: ukungu wa kijani au wa manjano kwenye punje ni dalili ya sumukuvu. Kupika hakuiondoi. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hiyo, na Tanzania mwaka 2016 yakaua watu Dodoma na Manyara. Usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa.

Dalili: panya wanakufa ovyo na hukuweka sumu

Usiwaguse, wala usimwachie paka. Kiroboto humwacha panya aliyekufa na kutafuta damu nyingine, na hivyo ndivyo tauni inavyoingia ndani ya nyumba. Lushoto wanaijua tangu 1980, na Ituri, Kongo, bado wanaijua. Mwite afisa afya. Homa kali na uvimbe wa mtoki ni safari ya zahanati siku hiyo hiyo.

Hata bila vifo, kinyesi na mkojo wa panya visifagiliwe vikavu. Lowesha kwa maji ya klorini, subiri, futa ukiwa umevaa glavu. Homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 huenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwa mbele.

Wote wawili wapo: nianze na nani?

Anza na panya. Mfuko usiopitisha hewa ukitobolewa na panya usiku mmoja ni sandarusi ya kawaida, na fukuzi wanaamka. Tega na kuziba kwa wiki moja, magunia yakiwa juu ya chaga katikati ya ghala. Kisha mwaga, chekecha, anika mbali, pima chumvi, ndipo ufunge au uchanganye dawa. Andika tarehe kwenye mfuko kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na uzito wa debe. Mfuko wenye tobo dogo tabaka la nje tu bado unafaa. Tobo lililofika ndani lizibe kwa utepe wa gundi, kisha mahindi ya mfuko huo yatumie kwanza.

Mchele na ngano za jikoni zina fukuzi wao, ndugu wa huyu. Kwa kilo mbili tatu huhitaji dawa: funga kwenye mfuko, weka kwenye friza wiki nzima, chekecha, hifadhi kwenye chombo chenye kifuniko cha kukaza.